Nduru Niliyoipa Mgongo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemaliza upande wa mashariki wa nyumba. Nyasi za matandazo nimezivuta mbali na ukuta, udongo umebaki mtupu, mwekundu. Migomba itaona kiu. Wapita njia wanacheka. Hapa mtu akiondoa matandazo kwenye kibanja chake cha migomba ni kama amemvua mtoto nguo wakati wa baridi. Lakini matandazo ya Agosti ni kuni. Watu wanaamini moto haupiti migombani kwa kuwa mgomba una maji. Ni kweli una maji. Kilichotandazwa chini yake hakina.

Jana baada ya ibada tulikaa uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kitongoji alinipa niyasome maelekezo ya kujikinga na moto kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyambo. Mimi ndiye niliyeyaandika. Kusafisha kuzunguka nyumba. Kuchota maji mapema. Kufungulia mifugo. Kukimbilia uwanja wa shule, ambao hauna nyasi, si migombani. Na kila asiyeweza kutembea awe na mtu wake wa kumfuata na kumtoa.

Nimepewa Mama Kokugonza, jirani yangu wa chini. Nyonga yake ilivunjika na haikuunga. Nilisimama nikakubali mbele ya wote. Yeye akasema, "Haya, mifupa ibebe mifupa," watu wakacheka. Toroli itakaa mlangoni kwake. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Alhamisi, 7 Agosti

Moshi ng'ambo ya kilima, upande wa Kihanga. Wafugaji wanachoma nyasi kuukuu ili majani mapya yachipue na kupe wafe. Siwezi kuwalaumu, baba yangu alichoma vilevile. Ila yeye alingoja manyunyu ya kwanza, na alingoja upepo ulale. Siku hizi malisho ni finyu, hakuna anayengoja.

Nimejaza upepo gurudumu la toroli. Mama Kokugonza alinipa kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni. Nimekuwa jirani yake miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mke wangu. Bado ananipokea kama mgeni. Sijui kama ni heshima au ni ukweli tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Upepo. Moshi umesogea.

Nimevaa viatu ndani ya nyumba siku nzima. Mfuko uko tayari: vyeti, Biblia, miwani ya akiba, shuka. Umekuwa tayari tangu tulipokimbia kuvuka Mto Kagera nikiwa mtoto, na baada ya hapo tulihamishwa tena, na tena. Kilichobadilika ni mfuko wenyewe. Mke wangu aliuchukia. Alisema nyumba yenye mfuko mlangoni ni kituo cha mabasi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumba yangu imesalimika. Naandika nikiwa mezani kwangu, na naona aibu hata kwa meza.

Ilikuwa jana alasiri. Nduru ilianzia juu, kwa wafugaji, ikashuka nyumba hadi nyumba. Mila ya hapa haina maelezo marefu: ukisikia nduru, unakwenda inakotokea. Na panga, na jembe, na tawi bichi, hata mikono mitupu. Asiyekwenda huulizwa alikuwa wapi.

Mimi nilikwenda upande wa pili. Nilichukua mfuko nikashuka njia. Sikukata shauri, miguu ilikuwa imeshaanza. Nilipita mbele ya mlango wa Mama Kokugonza. Niliiona toroli. Niliiona vizuri, hata gurudumu nililolijaza. Sikusimama.

Barabarani nilipata bodaboda. Kijana akauliza, "Mzee, hujaacha mtu huko?"

Nikasema hapana.

Alinifikisha mjini Rubwera. Nililala nyumba ya wageni, mfuko chini ya kichwa. Leo asubuhi nimerudi kwa basi dogo.

Kibanja changu kimeungua nusu, hadi pale nilipofagia. Cha Mama Kokugonza kimekwisha. Migomba imesimama imeiva kama iliyochemshwa, matandazo ni majivu, jiko lake la nyasi halipo. Mwenyewe yuko zahanati. Miguu imeungua, na kifua kimejaa moshi.

Haya nimeyapata kwa Adela, mkwe wake. Nilimkuta anachokora majivu akitafuta sufuria. Hakuniamkia. Alisimulia bila kuinua macho. Yeye alikuwa mtoni. Vijana wawili walifika kwa mkwewe kabla ya moto. Walimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, amejifunga kitenge, yuko tayari. Walitaka kumbeba. Akawafukuza.

"Aliwaambia wakachukue watoto wa jirani," Adela alisema. "Aliwaambia, mimi nina wangu, anakuja."

Vijana walikwenda kwa watoto. Moto ukaingia kwenye matandazo. Adela alifika akakuta mkwewe anajiburuta kwa matako udongoni kuelekea kwangu. Akampakia kwenye toroli akaisukuma peke yake.

Kuelekea kwangu. Labda alidhani nimeanguka.

Jumatano, 13 Agosti

Jana nilifika hadi lango la zahanati nikarudi. Leo nimeingia.

Amefungwa bandeji hadi magotini. Sauti inakwaruza. Alinishika mkono akasema ashukuriwe Mungu, walidhani moto umenila, yeye amenililia. Kisha akauliza, "Moto ulikuzibia njia wapi?"

Alikuwa ameshanitengenezea udhuru. Ningeweza kuuvaa kama koti na kwenda nao hadi kaburini. Nilisema, "Haukunizibia popote. Niliposikia nduru nilikwenda Rubwera."

Akauachia mkono wangu. Si kwa hasira, uliteleza tu.

"Rubwera kuna nini?"

Hakuwa akitania. Alitaka kujua. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu wanaokimbia na kwa nini wanakimbia. Nilikaa hadi muuguzi aliponitoa. Mama Kokugonza alikuwa amegeukia ukuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejaribu kujitetea kwa maandishi, kurasa mbili. Utoto, mto, askari, malori. Yote kweli. Nimezichana. Vijana wale wawili nao walikuwa na hofu. Adela alikuwa na hofu.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao uwanja wa shule, baada ya ibada. Nilikaa nyuma. Mtu akasema, "Mpisheni Mzee karibu na barabara, asije akachelewa basi." Walicheka. Mwenyekiti hakucheka, ila hakuwanyamazisha pia.

Nilisimama nikasema nilichofanya. Kila mtu alikuwa anajua. Niliomba nipewe tena mtu wa kumfuata, yeyote, nitalala hata kwenye kizingiti chake. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko. Akasema, "Mzee, wewe ni wa kufuatwa."

Hakuna aliyebisha. Nilisubiri mmoja abishe.

Akauliza nani atanichukua mimi, Mzee Gaspari. Watu walitazama chini, majivu bado yako kwenye viatu vya kila mtu. Kisha Adela akanyoosha mkono.

"Nipeni mimi. Nyumba yake iko njiani tu," alisema. "Nikishamtoa mkwe wangu, nampitia na huyu."

Maelekezo yamesomwa na mwalimu wa shule. Alisoma vizuri.

Jumanne, 19 Agosti

Adela amekuja asubuhi. Hakukubali kukaa. Amezunguka nyumba nje, kisha akaingia. Akaujaribu mlango wa nyuma, ukakwama, akauchonga kwa panga hadi ukafunguka kwa kidole. Akauliza ninalala chumba gani. Tangu mke wangu afe hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwonyesha kitanda. Akauliza sikio gani linasikia. La kulia, nikasema. Akaitikia kwa kichwa kama fundi.

Nimemuuliza habari za mkwewe. Anakula uji. Amesema nimpelekee maziwa nikitaka, ila nisikae sana.

Kisha akavuta kiti akakiweka karibu na mlango wa mbele.

"Ukisikia nduru, Babu, usiende popote. Ukae hapa, nikukute."

Nilitaka kumuuliza itakuwaje akichelewa.

"Nitakaa," nimesema.

Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima iwapo kamba itashika. Akachukua panga lake akaenda.

Nimekaa kwenye kiti. Ukikaa hapo unaiona njia yote inayopanda kutoka kwao.