Jina Linalofuata Lumbala

Kamina, Jumapili baada ya misa

Kwa yaya wangu Muamba, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, wifi Sylvie na watoto wote. Hamjambo huko Kinkondja? Natumaini samaki wa ziwa Kisale wanaendelea kukunenepesha. Sisi huku tuko wazima wa mwili, na mahindi yamesimama vizuri. Barua hii anakuletea Cyprien wa pikipiki. Najua utashangaa kwa nini karatasi wakati nina simu.

Tangu tumzike Mama sijalia. Nakula, nalala, nafagia uwanja. Watu wa parokia wanasema nina moyo mgumu, nami sibishani nao. Nilikuwa nasubiri tu siku nitakayoweza kusikiliza kasala yake, utenzi wa ukoo wetu, ile niliyoirekodi akiwa kitandani, akitaja majina ya bankambo wetu, wazee wetu wa kale, mmoja baada ya mwingine mpaka kule Kasai. Alikuwa hataki kabisa nimrekodi. Aliniambia waliotufukuza sisi watu wa Kasai mwaka wa tisini na mbili walijua majina yetu na mlango wetu, kwa hiyo iyi majina si ya kupatia kila muntu, ibakie kwetu. Nikamwahidi.

Juma lililopita nilipotaka kuisikiliza, simu ilileta maandishi marefu ya Kifaransa na sehemu mbili za kubonyeza: kukubali au kukataa. Nikaipeleka kwa Abdias, fundi wa simu pale sokoni, ambaye ndiye aliyeniuzia. Akacheka, akasema hakuna anayesoma mambo hayo, hata siku ya kuniuzia yeye ndiye aliyenibonyezea kukubali. Nikamwomba asome. Akasoma polepole, kicheko kikamwisha. Kampuni iliyotengeneza simu ilitaka ruhusa ya kuchukua sauti zetu, majina ya tunaowapigia na mahali tunapolala, na kuwagawia wenzake. Tena kasala ya Mama haikuwa ndani ya simu. Ilikuwa inatunzwa kwao. Nikikubali, nitaisikia. Nikikataa, watafuta vyangu vyote. Abdias akajaribu kuinakili kwanza, ikagoma kufunguka.

Yaya, nimekataa. Nilibonyeza mwenyewe, Abdias akinizuia mkono. Kama kweli wamefuta, sijui. Simu inasema wamefuta. Nilidhani nitalia palepale, lakini nilinunua chumvi nikarudi nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa kila nikipika najaribu kuitaja mwenyewe. Naanza vizuri, nafika kwa Lumbala, nasahau. Wewe Mama alikufundisha mapema, kwa kuwa ndiwe mkubwa. Niandikie jina linalofuata, kwenye karatasi, umpe Cyprien. Usilitume kwa simu. Na kama nawe umelisahau, usiandike kitu. Njoo, nisiwe peke yangu siku nitakayolia.

Mungu awalinde ninyi nyote. Mwambie wifi kitambaa chake kimefika salama.

Mdogo wako,
Kapinga