Darasa Ambalo Sikuingia

Changamwe, Jumapili, Januari 1959
Mwaka wa sita tangu nitoke nyumbani. Wa kwanza tangu utoke wewe.

Mama Nekesa,

Ninakuandikia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwandikia habari za shule. Zamani wewe ulikuwa ukisema na Nekesa akiandika, nami huku nikisoma habari za mwalimu wenu, za siku ya wazazi, za mvua iliyoingia darasani mkahamia kanisani. Sasa aliyesema hayupo, na aliyeandika analala chumbani mwangu nyuma ya pazia la gunia. Barua haziji tena. Nimeona niandike mimi, ingawa niliishia darasa la tatu na mkono wangu umezoea mapipa ya mafuta kuliko kalamu.

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kwanza. Nekesa amefaulu mtihani wa darasa la nne. Majina yalisomwa Novemba, siku ya wazazi, uwanjani, jua kali, na malori yanapita barabarani hata mwalimu mkuu akawa anarudia kila jina. La Nekesa alilirudia pia. Nikasikia mara zote mbili na bado nikamwuliza mtu wa jirani, "Amesema nani?" Ungekuwepo ungepiga vigelegele mpaka uombwe unyamaze, kama siku ile alipotoka darasa la kwanza na mwalimu wenu akasema, "Mama, huo ni mwaka mmoja tu." Ukamjibu, "Mwalimu, ulimzaa wewe?"

La pili ni baya, nalo ni hili. Desemba sikuja.

Unajua ilivyokuwa. Ulipofariki, simu ya maandishi ilikaa ofisini bila mtu kuniita, na nilipoipata ulikuwa umeshazikwa. Niliomba ruhusa. Mnyapara akaniambia, "Ameshazikwa, sasa unaenda kumfanyia nini?" Nikarudi mapipani. Baadaye kaka yangu alimleta Nekesa kwa treni, akaniachia na neno la wazee: nije Desemba kwa livu yangu ya mwaka, ninyolewe mbele ya mlango wa nyumba yako, matanga yaondolewe. Kwetu mume asiponyolewa hajamuaga mkewe, naye si mtu wa kuingia katika nyumba mpya wala kuishika ikijengwa. Haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika ili nione kwa macho yangu nilichokukosesha.

Kilichonizuia ni shule yenyewe. Siku ile ile ya majina, kabla hatujaondoka uwanjani, mwalimu mkuu alisema kwamba hapa hakuna darasa la tano. Kuna chumba cha la kwanza hadi la nne, basi. Bodi ya Elimu iko tayari kuleta mwalimu, lakini haijengi. Wazazi wajenge wenyewe Desemba yote, mkaguzi aje Januari, akikuta chumba kimesimama na kuezekwa, darasa linafunguliwa. Mzazi mmoja akauliza kama mtu anaweza kutoa pesa badala yake. Mwalimu mkuu akasema, "Pesa mtazinywa na kamati. Nataka mikono." Watu wakacheka. Kisha akasema jambo ambalo halikumchekesha mtu: mzazi asiyefanya kazi, nafasi ya mtoto wake atapewa mwingine. Wapo wanaongoja nje kutoka hata upande wa uwanja wa ndege.

Livu yangu ni majuma matatu. Kuja huko, kukaa siku za matanga, na kurudi, zote zimekwisha. Siku nyingine ninaingia zamu, Jumamosi na Jumapili pia. Nilimwendea mnyapara nikamwomba aniongezee siku chache bila malipo. Hakuinua hata macho. "Wafula, kama umechoka na kazi, useme." Nikasema sijachoka. Chumba ninacholala ni cha kampuni. Nikiacha kazi chumba kinakwenda, na chumba kikienda Nekesa hana shule, kwa kuwa shule hii ni ya watoto wa mtaa huu. Nikija kwako, nafasi inapotea. Nikibaki, wewe unabaki hivyo hivyo. Nilikaa nayo usiku na mchana, Mama Nekesa. Kila nilikogeuka nilikuta ukuta, na hata ule wa shule ulikuwa haujajengwa bado.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea kwenye barua, kwa mwandiko wa Nekesa, naye maskini anaandika matusi ya mama yake kwa herufi nzuri: "Baba Nekesa, usije na vitenge, uje na habari kwamba mtoto amepata shule ya mjini." Nikabaki, livu nikaitoa kwa ujenzi. Nikamwandikia kaka. Jibu lake lilikuwa fupi, kwamba wazee wameudhika na kwamba mke wangu amelala kama mgeni asiye na mwenyeji. Sijamwonyesha Nekesa.

Sasa nikueleze kosa langu. Nilijiambia shule si nyumba. Haina jiko, hakuna anayelala humo, hakuna mtu atakayezaa wala kufia humo. Mwiko wa asiyenyolewa ni wa nyumba. Kwa hiyo nitajenga bila wasiwasi, na Desemba ijayo nitakuja kunyolewa. Nilijiona mwerevu.

Siku ya kwanza tulikuta mawe ya matumbawe yameshushwa, na fundi wetu amekwisha kunyoosha kamba. Fundi ni Mzee Athumani, mwenyeji wa hapa hapa Changamwe, mjukuu wake ni mmoja wa waliofaulu. Nikalinyanyua jiwe la kwanza nimpelekee kwenye msingi. Nyuma yangu nikasikia, "Baba Nekesa! Weka chini!"

Alikuwa Mama Simiyu. Humjui, anatoka ng'ambo ya mto wetu, mumewe anafanya kazi relini, na ndiye anayemsuka Nekesa nywele na kumpa uji ninapokuwa zamu. Alikuwa na karai la mchanga kichwani. Alisimama nalo vile vile akaniambia kwa lugha yetu mbele ya watu wote kwamba bado nina kifo cha mke wangu mwilini na nataka kukiweka chini ya watoto. Nikamjibu kwamba shule si nyumba. Akasema, "Watoto wetu watashinda humo kutwa, wale humo, waugue humo, unasema si nyumba?"

Kazi ikasimama. Ikabidi awaeleze wengine kwa Kiswahili. Mzee Athumani akapangusa mikono. "Kwetu sisi eda ni ya mwanamke," akasema. "Mwanamume akizika leo, kesho kutwa anauliza posa." Wanaume wakaangua kicheko. Mama Simiyu hakucheka. "Hiyo ni kwenu, mzee wangu. Na hawa watoto ni wa kwetu pia." Mzee akasema, "Haya, mama. Wallahi sibishani na mtu juu ya maiti wake."

Wala mimi sikubishana tena. Nitakuambia ukweli: alipopiga kelele jiwe lilikuwa limeshanizidi uzito mikononi. Niliogopa kama mtoto. Nikaliweka chini, nikasimama pale nje ya kamba, nimetupa livu yangu, nimekuacha wewe, na jengo lenyewe siruhusiwi kuligusa. Sikuwa kwako na sikuwa shuleni. Sijui kama uliniona. Natumaini ulikuwa ukitazama kwingine.

Mzee Athumani ndiye aliyeniita kando. "Yakhe, maji si nyumba," akasema. "Nani atanichotea maji?"

Mfereji wa maji ya bomba uko ng'ambo ya barabara kuu, karibu na matangi ya mafuta. Nilitengeneza mzega, debe mbele na debe nyuma, nikaanza kwenda na kurudi. Chokaa inakunywa maji, mchanga unakunywa, watu wanakunywa. Malori hayakungoji, unasimama na mzigo begani mpaka upate nafasi ya kuvuka. Nilikuwa nikifika kwenye kamba, naweka madebe chini, mwingine anakuja kuyachukua. Sikuvuka. Ukuta ukapanda, nami nikawa nauona kwa nje tu.

Kulikuwa na baba mmoja, Kazungu, kuli wa bandarini, mtu wa maneno. Kila nikitokea barabarani anapaza sauti, "Mpisheni mke wa fundi!" Au, "Leo bibi umechelewa, tumekufa kiu!" Wengine wanacheka. Nikasema moyoni, acheke, Januari ni karibu. Lakini Nekesa alikuwa akileta chai na wenzake, akasikia. Jioni akaniuliza, "Baba, kwa nini hujengi kama baba zao?" Nikamwambia. Yeye alinyolewa huko nyumbani, lakini hakujua kwamba mimi bado. Akasema, "Kwa hiyo Mama anakungoja." Nikatoka nje kidogo.

Jumamosi ya mwisho kamati ilikaa chini ya kivuli cha ukuta mpya kuamua nani amefanya kazi na nani hakufanya. Mimi nilikaa upande wa jua. Jina langu lilipofikiwa, Kazungu akasimama. Safari hii hakuwa akitania. Alisema hana ubaya nami, ila sheria ni mikono kwenye jengo, naye ana mtoto wa dada yake aliyekosa nafasi. "Huyu bwana hajagusa hata jiwe moja. Semeni kama nasema uongo."

Mama Nekesa, hakusema uongo. Lile moja nililolinyanyua nililirudisha chini. Nilimtazama Mama Simiyu, naye alitazama chini. Alijua ni yeye aliyenizuia, na akiongea angeonekana anaweka sheria za kwetu juu ya za shule.

Mzee Athumani alikuwa juu ya ngazi anamalizia kona. Hakushuka. "Kazungu," akasema, "hiyo chokaa ulidhani naichanganya na mate?"

Watu wakacheka mpaka mwalimu mkuu akageuka pembeni. Kazungu naye akajaribu kukunja uso, akashindwa. "Basi, mzee, umeshinda," akasema. "Mke wa fundi ahesabiwe." Nikahesabiwa. Jina hilo nimelikubali. Bado wananiita hivyo bandarini na kwenye mabohari yote, na siku hizi hata mimi naitika.

Mkaguzi alikuja juma lililopita. Alipiga ukuta kwa fimbo, akatazama mabati, akauliza habari za choo, akaandika. Jumatatu shule ikafunguliwa. Mwalimu wa darasa la tano ni kijana kutoka Taita, ana sauti ndogo lakini watoto wanamsikiliza. Kutakuwa na michezo mwezi wa tatu na shule za Likoni na Kisauni; Nekesa atakimbia. Wasichana wanatakiwa kuja na sindano na kitambaa, nami nimekata ule upande mzuri wa shuka langu. Nakuandikia yote kama ulivyotaka, usiseme nimeruka kitu.

Siku ya kufungua wazazi waliitwa waingie waone. Waliingia wote, Kazungu akiwa wa mbele, anapapasa kuta kama anayenunua ng'ombe. Mimi nilisimama nje dirishani. Mwalimu mkuu akaniona. "Baba Nekesa, ingia, bwana." Nikasema, "Nasikia vizuri hapa hapa." Akataka kuendelea, Mama Simiyu akamnong'oneza kitu, akaniacha.

Majina yakaitwa. Nekesa alipoitwa aliitika "Abee!" kama watoto wa pwani, kwa sauti ya juu kuliko wote. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi dirishani. Uso ule ni wako mtupu. Nilishika ukingo wa dirisha kabla sijakumbuka, nikauachia haraka. Lakini niliushika. Sijamwambia Mama Simiyu. Nakuambia wewe, na kama ni kosa, liwe juu yangu, lisimguse mtoto yeyote mle ndani.

Tangu hapo kila siku nampeleka mpaka kwenye kona ya jengo. Anaingia, nami nakwenda mapipani. Watu wanadhani nina haraka ya zamu.

Nimemwuliza mnyapara habari za livu nyingine. Amesema Desemba, kabla ya hapo nisimsumbue. Nimemwandikia kaka, na naliandika kwako pia ili wote mlisikie kwa pamoja: nitakuja na Nekesa, nitanyolewa mbele ya mlango wako kama inavyotakiwa, nitakaa siku zote za matanga, na darasa la sita likifunguliwa mtoto atakuwa huku. Wakitaka kumbakiza asaidie nyumbani, nitakataa, hata wakasirike mara ya pili. Hilo wewe mwenyewe ungelisema kwa ukali zaidi.

Kwaheri, mke wangu. Samehe huu mwaka. Shule zinafungwa mwanzo wa Desemba. Tutapanda treni jioni ya siku hiyo hiyo.

Wafula, baba yake Nekesa