Zuhura Yuko Kwangu Bado

Baba Zuhura, mume wangu,

Salamu nyingi. Mwanao hajambo. Jino lake la mbele limeng'oka na la pili linatikisika, akisema neno lolote linatoka na upepo. Mimi sijambo kwa kusema tu. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile za chuo cha Kurani, alizonifundisha marehemu baba, zile ulizokuwa ukizicheka ukisema ni nyayo za kuku. Haya, cheka. Wa kuipeleka barua hii simjui, wala huko uliko sikujui, ila nisipoyatoa haya moyoni nitapasuka.

Ukumbuke kwanza siku ile mliporudi kwa mganga. Mlikwenda kundi zima la wanaume wa Umwe, mmechoshwa na shamba la pamba la Mdachi na viboko vya akida wake, mkarudi kila mmoja na kijibuyu cha dawa shingoni, mnasema risasi zitageuka maji. Mimi nilikuwa natwanga. Kaka yako Mbwana alikuwa barazani anachonga mpini. Ukasimama uani ukatutangazia miiko: mwenye kunywa maji yale akae mbali na mkewe mpaka vita viishe, la sivyo dawa haimlindi. Uso umeukaza kama mtu anayesoma hotuba ya Ijumaa.

Nami na mdomo wangu huu! "Wewe?" nikakwambia. "Wewe ukae mbali nami? Siku mbili nyingi. Ya tatu utakuja kunigongea unasingizia kichwa kinauma." Kaka yako akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Ukakasirika. Nakujua ukikasirika, pua zinatanuka. Ukasema mbele yake, na mtoto anasikia, "Tangu leo wewe kwangu ni kama mgongo wa mama yangu!"

Mchi ukanisimama mkononi. Neno lile mwanamume hamwambii mkewe kwa mzaha, ni kujiharamishia mke kama alivyo haramu mama. Wewe ulitaka tu kuukaza mwiko wa mganga kwa fundo la dini ili mimi nisipate la kucheka. Hukuwaza unafunga nini. Na mimi ndiye niliyekuchokoza, Baba Zuhura, hilo nalijua, nalala nalo na kuamka nalo.

Asubuhi yake ulikuja jikoni ukanishika ncha ya kanga, na mwiko wenyewe ukausahau. "Mama Zuhura, hasira zile. Nikirudi twende kwa mwalimu wa dini atuambie la kufanya." Kisha ukatoka nje ukasema kwa sauti, kaka yako yupo, "Mchukue mtoto mwende kwa mama yako visiwani, kule mto unakoingilia baharini. Mkae huko mpaka nirudi, huku kutawaka." Ukamnyanyua Zuhura juu, ukamshusha, ukaondoka. Hukugeuka nyuma. Mganga aliwakataza na hilo? Sikukuuliza.

Huku kwa mama kazi ni magome ya mikoko, yanayonunuliwa kutilia ngozi rangi. Tunaingia mikokoni maji yakitoka, tunabandua, tunafunga mizigo, mikono imekuwa myekundu hadi kucha. Nikibandua nakumbuka msimu wetu wa kwanza wa mpunga, tulivyohamia dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo kule bondeni, kuamia ndege wasile punje, wewe na teo lako. Ulirusha mawe siku nzima, hukupata hata ndege mmoja, ukampata mbuzi wa jumbe. Lo! Tulivyoshuka ngazi mbio tukajificha ndani ya mpunga, tumelala chali, unaniziba mdomo kwa kiganja nisicheke. Mpaka leo sijapata kuwa na raha kama ile, na nilikuwa na tope hadi masikioni.

Sasa sikiliza yaliyonifika. Askari wa Mdachi walipita Umwe wakachoma. Nyumba yetu hakuna, ghala hakuna. Kaka yako aliponea porini, akaishi kwa kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu, akashuka mto kwa mtumbwi wa watu hadi huku. Nilimpokea kwa furaha, nikamtilia wali. Alipokwisha kunawa akasema, "Shemeji, ndugu yangu alikuacha. Nilisikia kwa masikio yangu. Eda yako imekwisha, uko huru. Nimekuja kumchukua mtoto wetu."

Mtoto wetu! Nikasema hukuniacha. Akasema yeye alikuwepo. Nikasema na mimi nilikuwepo, ndiye niliyeambiwa. Mama akatutenga, akasema shauri hili ni la msikitini.

Mwalimu wa msikiti wa huku alituweka kibarazani baada ya alasiri, kaka yako upande huu, mimi na mama upande ule. Akataka neno lenyewe kama ulivyolitamka, kila mtu kwa kinywa chake. Tukasema sawasawa, yeye na mimi, hakuna aliyepunguza. "Hii siyo talaka," Mwalimu akasema. "Hii ni dhihari. Ni kauli mbaya, na mwenyewe akitaka kumrudia mkewe kafara iko juu yake, afunge miezi miwili mfululizo. Lakini ndoa ipo. Na mume ndiye aliyewaambia wakae huku?"

Kaka yako angeweza kukana. Hakukana. "Ndiye, Mwalimu. Nilimsikia."

"Basi watakaa. Mume akiwa hai, kauli ni yake."

Niliinama nikaanza kusema alhamdulillahi, sijaimaliza, kaka yako akauliza, "Na kama hayuko hai?"

Hapo Mwalimu alimwita Zuhura, akamwambia afungue kinywa. Mimi tangu asubuhi nilikuwa nimemkanya asicheke mbele ya watu! Akafungua, pengo hilo. "Huyu ameng'oka meno," Mwalimu akasema, "si mtoto wa kubebwa tena. Ikija habari ya kweli kwamba baba yake amekufa, mama atakaa eda ya mjane, na mtoto ataondoka na baba yake mkubwa. Isipokuja habari, msinirudie."

Tangu siku hiyo, Baba Zuhura, sina usingizi wala chakula. Kaka yako amehamia kwa watu wa jirani. Kila mtumbwi unaoshuka anaufuata, anauliza. Nami naufuata nyuma yake, naangalia midomo ya watu. Anauliza kama umeonekana. Naona anavyomeza mate kabla ya kuuliza, maana anakupenda, halafu naona anavyomtazama Zuhura. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa mbaya ningemtukana, moyo ukapoa. Anamletea muwa, anaumenya mwenyewe, anaukata vipande vidogo kwa ajili ya lile pengo. Juzi alimpakata akalia kichwani pake, mtoto akaja kwangu nywele zimelowa. Ameniambia atajenga Kibiti, mbali na barabara ya askari. "Sina mtoto, shemeji. Sina nyumba. Kilichobaki cha ndugu yangu ni huyu." Nami nimebakiwa na nini? Sikumwambia hivyo. Nilisema asante kwa muwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Jana asubuhi nilikuwa mikokoni peke yangu. Akaja mwanamume anachechemea, bega limefungwa kitambaa, amevuka tope hadi magotini. Akauliza kama mimi ndiye mke wa fulani, akalitaja jina lako. Nikamwambia ndiye. Akaingiza mkono kifuani akatoa kofia. Niliijua kabla haijatoka yote. Mwezi mzima nilikuwa naitoboa kofia ile kwa sindano na uzi, nikakosea pale ukingoni, na ukakataa nisifumue.

"Dada," akaanza, "mume wako..."

"Usiseme!" Nilipiga ukelele mpaka ndege wakaruka. Nikaona nimemtisha, mgeni wa watu. Nikapiga magoti mle topeni. "Kaka yangu, nakuomba kwa Mungu, usiseme. Hilo ulilolibeba usilifungue hapa, wala kule mbele, wala popote katika visiwa hivi."

"Ni amana, dada. Nilimwahidi."

"Umeifikisha. Umenikuta, umeniona. Lakini ukitamka neno moja tu, mwanangu anachukuliwa."

Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza huku ameishika kofia kwa mikono miwili. Nikampa wali wangu wa mchana, akala kidogo, akashindwa. Nilijiapiza nisimuulize chochote. Ikanitoka moja: "Alikuwa ameshiba?"

"Alikula, dada," akasema. "Tulikula pamoja asubuhi ile."

Basi. Sikuuliza tena. Kofia sikuipokea, maana kuipokea ni kukubali, na kaka yako angeijua hata gizani. Nikamwonyesha njia ya kupitia mikokoni hadi mto mwingine, asionekane na mtu. Akaenda nayo. Hata kuigusa sikuigusa, Baba Zuhura. Nilikaa pale hadi maji yakajaa yakanifika kiunoni, mama akaja kunitafuta akidhani nimeliwa na mamba.

Kwa hiyo mimi sijui kitu. Hakuna aliyeniambia. Mwalimu alisema habari ya kweli, nami habari sijaisikia, ya kweli wala ya uongo. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya, na najua Mungu hadanganyiki. Nitakwenda kujibu. Ila nitajibu Zuhura akiwa ameshakua, ananijua mimi ni nani kwake.

Naogopa kila kitu. Namwogopa yule mchechemeaji, huenda homa ikampanda akaropoka. Namwogopa mama, ananitazama sana. Nauogopa uso wangu mwenyewe. Leo nimeamka nikajipaka wanja, nikajifukiza udi, nikavaa ile kanga uliyoninunulia, nikaenda kisimani kutaniana na wanawake kwa sauti ya juu, watu wote waone mke ambaye mumewe anarudi. Astaghfirullah! Mjane hajipambi hivi. Kila nilipocheka nilihisi nakupiga kofi.

Kaka yako alikuwa amekaa njiani na kipande cha muwa. "Shemeji, habari yoyote?"

"Hakuna, shemeji. Ndugu yako yuko njiani."

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru kweli! Zuhura akamkimbilia, nami nikasimama pale nimebeba mtungi, natabasamu.

Unisamehe kwa neno lile nililokuchokozea. Unisamehe na kofia. Dua nakuombea kimoyomoyo, midomo nimeifunga. Ukiniona sikulilii, mume wangu, usidhani nimesahau haki yako. Nikikulilia, watasikia.

Mkeo,
Mama Zuhura