Maji ya Kwa Shangazi Romana

Uppsala, 9 Machi 2025

Kaka Erasmus,

Shikamoo. Hamjambo nyie hapo Mpanda, mtaani Shanwe? Wifi na watoto je? Mimi mzima, ila baridi ya huku Sweden.

PhD nimemaliza. Sasa naomba kazi ya utafiti inayofuata, wenyewe wanaiita postdoki. Sio shule tena, ni ajira. Mitambo ya maabara naiweza, andiko la mradi ninalo. Imebaki makala kwenye jarida, jina langu likiwa la kwanza, na profesa wangu anipendekeze.

Makala yenyewe ni yale maji tuliyochota wote mwaka juzi. Kisima cha kwa shangazi Romana kina zebaki ya waosha dhahabu. Naomba usimwambie mtu mpaka jarida litoke, profesa amekataza. Shangazi mtafutie sababu yoyote aache kuyanywa.

Mdogo wako,
Bibiana

Mpanda, 17 Machi 2025

Mdogo wangu Bibiana,

Marahaba. Tuko wazima, ila barua yako imenivuruga.

Yaani aache shangazi, majirani waendelee? Jeniffer binti yake Melkior ni mjamzito, anachota pale pale. Jana baada ya misa nilisimama nikawaambia wote. Kisima wamekizungushia miiba. Mwenyekiti wa mtaa aliniuliza kwa nini hukusema wewe mwenyewe. Ulitaka watu wanywe sumu wakusubiri upate cheo?

Kaka yako,
Erasmus

Uppsala, 2 Aprili 2025

Erasmus,

Salamu leo sina.

Mtu alikurekodi, video ikazunguka mpaka ikamfikia profesa. Akaniita, akasema, "Asiyeweza kutunza matokeo hafai kuwa mtafiti." Hanipendekezi tena. Bila yeye hakuna atakayefungua maombi yangu.

Na wewe hukuuliza hata vipimo vina uhakika gani. Tulichota kiangazi tu. Ilitakiwa turudie masika kabla ya kutangaza. Umesimama kanisani na kazi yangu mkononi kana kwamba ni yako.

Usiniandikie.

Bibiana

Mpanda, 20 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Shangazi anakusalimia kila Jumapili, namdanganya kwamba umejibu.

Umenikataza kuandika, naandika. Radhi siombi. Jeniffer amejifungua salama, wa kike.

Lakini ulilosema limetokea. Wataalamu walikuja, wakasema maji ya kiangazi kimoja hayatoshi kufunga kisima. Watu wamechoka kuchota mbali, na wanataka kukifungua. Nimebishana nao mpaka sauti imekauka. Sina cha kuwaonyesha.

Kaka yako,
Erasmus

Tabora, 11 Desemba 2025

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia kwa simu, niko stesheni nasubiri treni ya Mpanda.

Postdoki nimeikosa. Chuo kimoja cha huku nyumbani kimeniazima vifaa, na mvua imeshaanza, kwa hiyo nitachota kila kisima upya, na majibu nitawasomea mwenyewe hadharani, yakiwa mabaya au mazuri. Jarida litayapata baadaye.

Usidhani nimekusamehe. Bado nikikumbuka nashindwa kula. Tukifika kwa shangazi usinitetee wala usinisemee, nyamaza.

Kesho uje na bajaji, hizi chupa haziwezi kukaa kwenye bodaboda.

Mdogo wako,
Bibiana