Fatiha ya Mvua

Jumapili, 13 Machi 2022

Wazee wameondoka sasa hivi. Wanne. Wawili wa ukoo wa mume wangu, wawili wa ukoo wetu: Adeer Yakub, yaani ami, ndugu wa marehemu baba, na Mzee Ahmednoor mwenye kikohozi. Nimepika, na yote nimeyasikia nyuma ya pazia la jikoni.

Wamekubaliana. Mume wangu Abdilatif aache ualimu mkuu, awanie uwakilishi wa wadi. Ukoo wetu haumsimamishi mtu. Atakaa kipindi kimoja, kisha 2027 kiti kije kwetu. Adeer Yakub akauliza tena, kimoja? "Kimoja, wallahi," akajibu mume wangu. Fatiha ikasomwa kufunga ahadi. Hata mimi nimeitikia amin, mwiko mkononi!

Hakuna aliyeandika. Maneno ya wazee hayaandikwi, wanasema. Mimi naandika. Abdilatif mwenyewe ndiye aliyenizoesha, nilipofika shuleni kwake mwalimu mbichi. Tarehe kwanza, Kaaha. Kazi isiyo na tarehe hakuitia sahihi hata siku moja.

Nina furaha leo. Mtu anayemjua kila mtoto wa shule kwa jina la babu yake — huyu atatufaa.

Alhamisi, 11 Agosti 2022

Ameshinda. Nyumba imejaa watu nisiowajua. Nimechoka kupika. Naitwa mama mheshimiwa.

Jumatano, 12 Juni 2024

Mheshimiwa alikuja shuleni. Ndiyo, namwita mheshimiwa, hata mezani anataka hivyo.

Watoto walipangwa juani tangu saa mbili. Alifika saa saba. Ameleta tangi la maji, jeusi, kubwa, lina picha ya uso wake, meno yote nje. Ndani hamna tone. Boza la maji litafuata, akasema. Alihutubu kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu wa bara, kwa kipaza sauti. Zamani alisema kwa sauti ya chini na darasa zima likanyamaza.

Kisha akatusalimia walimu. Akamshika mkono Mueni. "Na wewe ni mwalimu mgeni hapa?"

Mueni! Naibu wake miaka sita. Aliyekesha naye hospitali Garissa alipougua malaria, mimi nikiwa nimetoka kujifungua. Mueni akasema karibu mheshimiwa. Tuliporudi ofisini akacheka peke yake, muda mrefu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Aibu ni yake, uso unaoungua ni wangu.

Jumapili, 18 Januari 2026

Ametangaza. Kipindi cha pili! Sokoni, kwa spika za gari. Nilikuwa napika anjera, nikasikia jina lake na vigelegele.

Adeer Yakub akapiga simu jioni kuuliza habari ya fatiha. Mume wangu akaiweka simu juu ya meza wapambe wote wasikie, akajibu kwa upole kabisa. Fatiha ile, adeer, ilikuwa ya mvua. Kulikuwa na ukame, mmesahau? Ng'ombe walikuwa wanakufa. Tulikusanyika kuomba mvua. "Na si ilikuja baadaye, mpaka mafuriko?"

Wapambe wakacheka. Mimi nikatoka uani nikatema mate. Kweli nilitema.

Mzee Ahmednoor alifariki mwaka jana na kikohozi chake. Wale wawili wa ukoo wa mume wangu wanakumbuka mvua. Mvua tu!

Jumanne, 27 Januari 2026

Methali na gredi ya sita. Nikasema, njia ya mwongo... Darasa zima: fupi! Nikajiwazia, mbona ya mume wangu imefika mwaka wa nne na ina lami?

Wala kwetu si kuzuri. Kiti kikija kwetu, anayekikalia ni kaka yangu Bare. Ameshachapisha mabango. Alipita shuleni leo, nikamuuliza atatufanyia nini. Lile tangi bado tupu, nyuki wameingia. Bare akalizunguka, akalipigapiga kwa kidole. Akasema litapakwa rangi upya — liwekwe uso wake.

Nilishindwa hata kula. Ndio watu wa kuchagua hawa?

Ijumaa, 30 Januari 2026

Wazee wa pande zote wamekaa baada ya sala ya Ijumaa. Uamuzi: aulizwe mtu aliyekuwamo nyumbani siku ile. Yaani mimi. Jumapili baada ya alasiri, hapa kwangu, mkono juu ya msahafu. Nitakalosema ndilo litakalokuwa.

Upande wa mume wangu umekubali haraka, mke atasema nini? Upande wetu nao umekubali haraka, binti yetu huyo. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Baada ya chakula mume wangu akachokoa meno kwanza. Kisha: "Ukisema mvua, maisha yanaendelea. Ukisema lingine, Bare aje na gari akuchukue. Samsam anabaki."

Samsam, mtoto wetu, ana miaka minane. Alikuwa chumba cha pili anafanya hesabu.

Jumamosi, 31 Januari 2026

Nilikuwa shuleni nasahihisha insha. Mume wangu akaja, peke yake, bila dereva. Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu. Kidogo nimwonee huruma.

Anajua kuhusu daftari hili. Alinikuta nalo siku moja zamani, akalikagua tarehe tu, akanirudishia. Leo analitaka. Ukurasa mmoja tu, Kaaha. Hata mwalimu ana kifutio.

Nikamwambia lilishaliwa na mchwa. Akafungua kabati langu, akapekua maandalio yangu ya masomo, akaondoka bila kuaga. Daftari lilikuwa mapajani mwangu, chini ya insha.

Nimedanganya bila kupepesa macho! Miaka kumi na miwili ya ndoa, tumeanza kufanana. Najichukia.

Mueni ananiambia niseme mvua, nimlee mtoto wangu. Nikamuuliza, wewe ungesema? Akainamia vitabu vyake.

Jumapili, 1 Februari 2026

Saa kumi na nusu. Jikoni. Wapo sebuleni, saba. Msahafu uko juu ya kitambaa cheupe nilichokifua mwenyewe asubuhi. Chai nimepeleka, maziwa ya ngamia. Adeer Yakub hakunitazama. Bare amevaa saa mpya.

Mume wangu anazungumza. Sauti ile ya chini, ya darasani! Sijaisikia miaka minne. Nimejikuta nimesimama wima kama mwanafunzi. Anaeleza ukame, anataja visima vilivyokauka, kimoja kimoja, na vyote ni kweli.

Sasa anawauliza wazee, mkutano huo mnaousema ulikuwa siku gani? Mwezi gani? Adeer Yakub anasema ilikuwa kabla ya Ramadhani, au... Mume wangu anamsubiri amalize. Kisha, taratibu: "Jambo lisilo na tarehe, wazee wangu, tutalitia sahihi vipi?"

Nimeuma ulimi. Huo ni mstari wangu, alinipa mwenyewe!

Daftari liko chini ya sinia la vikombe. Samsam amekaa karibu na jiko, ananiuliza mama unaandika nini. Nimemwambia naandika tarehe. Amevaa viatu vya shule. Sijui kwa nini, leo ni Jumapili. Sikumwambia chochote juu ya gari.

Wananiita. Jina langu, mara mbili. Kisha Adeer Yakub: "Adeer, njoo," kama ninavyomwita mimi, ndivyo ami humwita mtoto wa ndugu kwetu. Mume wangu amekohoa.

Udhu ninao. Nimerudi nyuma mpaka Machi, nimetia kijiko kwenye ukurasa usije ukanipotea. Samsam amenishikia pazia, na daftari naingia nalo.