Nilivyokusemea Kwenye Viti vya Chekechea

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba mtu huacha pombe kwanza, kisha ndipo aende kwa wenzake wanaoacha. Ni sawa na kutakata kwanza ndipo uingie bafuni. Nimelitanguliza hili mbele ya salamu kwa sababu ndilo ulilonijibu tulipoonana mara ya mwisho, na wewe unanijua: nikiwa na jambo la kueleza, halilali.

Sasa nikuamkie vizuri. Hujambo? Tumbo linaendeleaje? Mikono je, bado inatetemeka asubuhi? Mimi sijambo, presha imeshuka, ila goti la kushoto bado lina kiburi. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida.

Uliniambia, "Dada, ngoja kwanza nitulie, nisiende kujiaibisha." Basi nikaona nitangulie mimi kukagua mahali penyewe, kama mzazi anavyokagua shule. Tangazo nililiona zahanati: wanaotaka kuacha pombe hukutana Jumamosi alasiri kwenye chekechea iliyo nyuma ya maktaba, bila kiingilio wala kuulizwa jina la ukoo. Haya nitakayokueleza nimewaomba ruhusa wenyewe, kwa kuwa la humo halitoki.

Nilivaa kama ninayekwenda kazini. Nilitegemea jukwaa, daktari na ubao. Nikakuta viti vya watoto vimepangwa duara, na watu wazima wamekaa magoti yakigusa kidevu. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alikalia viwili na bado havikumtosha. Anayeongoza ni fundi saa, mzee mwenye sauti ndogo. Alinieleza kwamba hapo hakuna mwalimu; kila mtu husema habari zake mwenyewe, na hakuna kumshauri mwenzio. Nikawaza, shule gani hii!

Zamu ikanifikia, na hapo kazi yangu ikaniponza. Mkalimani wa mahakama, kama ujuavyo, hasemi "mshtakiwa anasema aliiba." Husema "niliiba," maana yeye ni kinywa cha mwenzake. Mimi nimekiri wizi wa ng'ombe ambao hata mkia wao sijauona. Basi nilipofungua mdomo kueleza habari zako, zikatoka hivyo hivyo: nilianza na chupa moja baada ya kazi, siku hizi nakunywa asubuhi ili mkono utulie, naendesha mashine ya kukatia karatasi kiwandani, na naogopa kwamba siku moja nitavikata vidole vyangu.

Kisha dereva akanyanyuka, kiti kimoja kikamng'ang'ania nyuma, akaja kunishika mkono. "Karibu, mama. Umefika," akasema. "Mimi hofu yangu ilikuwa usukani." Nikaletewa chai. Muuza vitambaa aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kwamba yeye chupa zake alizificha ndani ya marobota. Aibu ikanifunga mdomo. Nikanywa chai ile, mimi ambaye hata juisi ikilala ikachacha naiogopa!

Wiki iliyofuata nilirudi kusahihisha. Fundi saa alicheka hadi akavua miwani. Dereva akasema kumbe ndiyo maana, alikuwa akijiuliza mlevi gani huyo mwenye kumbukumbu zilizonyooka namna ile. Wakanipeleka chumba cha pili, wanakokaa wake, waume na ndugu wa wanywaji. Sikujua kama chumba hicho kipo. Nako sharti ni lile lile: sema yako. Nikajaribu, nikaona kila sentensi yangu inaishia kwako. Bibi mmoja akaniuliza taratibu, "Na wewe, dada, u hali gani?" Nililia kidogo, nikala biskuti.

Tangu hapo sikosi. Nalala usingizi mzima, nimerudia kushona, na nikiwa jikoni hujikuta naimba, jambo ambalo shemeji yako halifurahii.

Sasa, lililonifanya nishike kalamu. Juzi msimamizi wako alinipigia kuuliza kama umekosa kazi kwa malaria tena, kama nilivyozoea kumdanganya. Mdogo wangu, sikusema ni malaria. Wala sikusema ni pombe. Hilo si langu kulisema. Nilimwambia kwamba sitakusemea tena, akuulize mwenyewe. Akasema amekuondoa kwenye mashine, na nafasi yako ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi ili uende umweleze kwa kinywa chako. Najua utanikasirikia. Kasirika, baba, lakini ukiwa na vidole vyako vyote kumi.

Sikukutupa. Mlango wangu ni ule ule, na chakula chako kinapikwa kila siku, uje usije. Shemeji yako anakusalimu sana na anasema bado unamdai mchezo mmoja wa bao. Ubaki salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mkubwa wenu

Nimesahau: fundi saa amekubali kukungoja langoni ili usiingie peke yako, hata ukiwa umekunywa. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie leo.