Siku Uliponiita Nishike Bomba

Baba mkwe wangu,

Mugonile, tata. Miaka yote niliyoishi nyumbani kwako nilikusalimu mara chache, na kila mara nimeinamisha kichwa, basi leo nianze kwa salamu kamili. Wewe umelala kaburini siku nyingi sasa, na mimi mwenyewe ni bibi wa wajukuu. Kuna maneno nimeyaweka tangu ujana wangu pale Mbeya, miaka ile ya hamsini, na sitaki kufa nayo.

Unajua ilivyokuwa. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakumtazama baba mkwe, hakusema naye, wala hakukutana naye njiani bila kujificha. Mwanao aliponioa nikaja kukaa chumba cha uani, nilikufahamu kwa sauti tu. Ukifika mlangoni ulikohoa kwanza ili nipate nafasi ya kuondoka. Wakwe wengine waliingia tu, mkamwana akimbie huku sufuria inaungua. Wewe ulisimama nje, ukasubiri nimalize kusonga ugali.

Na ni kupitia ukuta wa chumba kile nilijifunza habari za moto. Baada ya safu ya vibanda vya sokoni kuteketea, wewe na rafiki yako Bwana Shaibu, muuza mafuta ya taa ambaye wazee wake walitoka pwani, mlikusanya watu wa kujitolea: mafundi cherehani, wachukuzi, na mwoka mikate mmoja. Mwanzoni mlikuwa na madebe, magunia ya mchanga, na rimu ya lori mliyoitundika mtini mkaipiga kama kengele. Halafu ukakumbuka machimbo ya dhahabu ya Chunya, ulikofanya kazi zamani. Mashimo mengi yalikuwa yamefungwa, na bomba la mkono lililokuwa likitoa maji mashimoni lilikuwa limetupwa kwenye nyasi. Mkalileta kwa lori. Ukalikatia ngozi mpya ya ng'ombe ndani, ukaipaka mafuta, na fundi cherehani mmoja akalishonea mrija mrefu wa turubai. Ulivuja kila mahali, lakini mliusifu kama bibi harusi.

Jioni mlifanya mazoezi uani, mimi niko ndani napepeta mchele. "Msivute kwa hasira," uliwaambia. "Mwenzako akishusha, wewe pandisha. Mkishindana, maji hayatoki." Nilicheka peke yangu, maana walishindana kila siku.

Ikaja ile siku ya mnada. Ilikuwa mchana, kiangazi, upepo unashuka kutoka mlima Loleza, na wanaume wengi walikuwa mnadani. Rimu ikalia. Nilimwachia mama mkwe mtoto, nikabeba debe la maji, nikakimbia na wanawake wenzangu. Tanuri la mwoka mikate lilikuwa limerusha cheche kwenye paa lake la nyasi. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Bwana Shaibu, mafuta ya taa yote yamo ndani, na chumba cha nyuma alilala mkewe, Bi Zuhura, amejifungua juzi tu.

Bwana Shaibu alishika mrija. Wewe ulikuwa peke yako kwenye bomba, na bomba lile lilikuwa na mikono miwili. Mtu mmoja akivuta, linakwama. Mimi nilikuwa nimeinama namimina maji kwenye pipa, nimejitanda kanga. Ukasema, "Mama, shika upande wa pili." Hukujua ni mimi. Nilipoinuka kanga ikateleza, tukatazamana.

Nilitaka kukimbia, tata. Nilikuwa nimeshageuza mguu. Nawe ukainamisha macho, ukasema polepole kama mtu anayemtuliza ndama, "Fumba macho ukiogopa, mwanangu. Lakini vuta."

Nikavuta. Ulishusha, nikapandisha, ulipandisha, nikashusha. Maji yakaulowanisha ukuta wa Bwana Shaibu mpaka ukatoa mvuke. Yeye akampa mwanamke mmoja mrija, akaingia ndani, akatoka amemfunika mkewe blanketi bichi, kichanga kifuani. Wanaume walipofika kutoka mnadani, nyumba ya mwoka mikate ilikuwa majivu, lakini moto uliishia pale. Ndipo niliposikia viganja vyangu vinawaka, ngozi imechubuka. Nikajifunika kanga, nikaenda nyumbani kwa njia ya nyuma.

Sikulala kwa raha siku zile. Ndugu walisema nimevunja mwiko, na mtoto wangu alipopata homa wakaonyesha kidole: mnaona sasa. Wazee wakakaa uani. Nilikuwa nyuma ya ukuta kama kawaida, nimempakata mtoto, nikingoja kusikia kama nitarudishwa kwetu.

Wakasema sana. Mwisho ukasema wewe. "Kama kuna kosa, ni langu. Mimi ndiye niliyemwita. Na moto ukiwaka kesho, nitamwita tena."

Ukatoa ng'ombe, akachinjwa kama desturi ya kuondoa mwiko inavyotaka, wakanitoa chumbani, nikala nyama uani mbele yako. Mtoto akapona. Kisha ukawaambia wenzako wa bomba kwamba wanawake nao wafundishwe, na wa kwanza kuja mazoezini baada yangu alikuwa Bi Zuhura, bado amejifunga tumbo.

Baadaye mji ulipata gari la zimamoto lenye king'ora, bomba likapumzika, nawe hukuishi sana baada ya hapo. Katika miaka yote hiyo sikukushukuru. Ng'ombe aliondoa mwiko, hakuondoa haya. Kila nilipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito, na wewe kwa upole wako hukunisumbua.

Leo mchana mwanao, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko ulizokuwa nazo wewe, amekaa meza moja na mke wa mjukuu wako, mkamwana wake, wakibishana kuhusu mbegu za viazi. Binti yule hakumwachia. "Baba, hapo umekosea," akamwambia, akamsogezea bakuli la mboga. Mwanao amecheka mpaka akaweka kijiko chini. Wao hawakuona ajabu yoyote. Mimi nimeinuka mezani, nimekuja kukuandikia.

Ndaga fijo, tata. Asante sana, baba yangu.

Mkamwana wako